Mistari Mitatu ya Maoni

Fomu ya chuo ina kurasa nne.
Kuwahi kazini: alama kumi.
Mavazi ya heshima: alama tano.
Kutunza siri za mteja: ishirini.
Chini kabisa, maoni ya msimamizi,
mistari mitatu ya nukta nukta
kama msafara wa sisimizi waliopotea njia.

Nina miaka kumi na saba ofisi hii ya Vingunguti:
feni moja, huzunguka ikipenda,
viti vitatu, kimoja kinakula khanga za watu.
Kila mwaka naletewa wanafunzi kama ninavyoletewa majalada,
barua, muhuri, *tunaomba ushirikiano wako.*
Ushirikiano nautoa.
Hajaniuliza mtu nautoa wapi.

Safari hii nimepewa Anyelwisye,
kijana wa Kyela, mrefu, kalamu nne mfukoni.
Siku ya kwanza akaandika daftarini:
*Mteja ni mkaidi.*
Nikamwita. Mwanangu, nikamwambia,
yule mama kaacha beseni la dagaa gengeni
kaja kudai matunzo ya mtoto kwa mara ya sita.
Mara ya sita! Hata wewe ungenuna.
Futa mkaidi. Andika: *amechoka.*
Akafuta, akaandika,
kisha akaniangalia usoni kidogo
kama anayelisoma neno lile lile mahali pengine.

Siku tuliyomtoa yule mtoto kule bondeni
Anyelwisye alitapika nyuma ya ukuta wa machinjio,
wala si kwa harufu.
Nikamshika mabega, nikamnunulia maji,
nikamwambia maneno ambayo mimi sikuambiwa na mtu,
niliyashona mwenyewe, vipande vipande, usiku.
Akanyamaza. Akapata rangi.
Nyumbani nikafungua mkoba kutafuta funguo
nikakuta kandambili.
Moja, ya bluu, ya mguu wa kushoto.
Sijui niliitia saa ngapi.

Mwalimu wa chuo alikuja Jumanne,
bajaji inamsubiri nje, wanafunzi kumi na tisa kwa siku moja.
Kijana anaendeleaje?
Anaendelea.
Sahihi hapa. Na hapa.
Simlaumu; jasho lilikuwa limemchora ramani mgongoni.

Ni Bi Sikujua wa Buguruni aliyeniandikia:
*Ijumaa, saa kumi na moja, kwa mama lishe nyuma ya mahakama.
Wasimamizi tu. Posho hakuna. Njoo.*
Tulikuwa saba na birika la chai ya rangi.
Sharti moja: mtu akisema, usimpe ushauri
mpaka chai yake imalizike.
Jamani, kwa watu wa kazi yetu hiyo ni adhabu!
Wahenga walituachia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Hawakutuambia usufi ukilowa
unakuwa na kilo ngapi.

Zamu yangu ilipofika sikusema.
Nikaiweka kandambili mezani, kando ya chapati.
Hakuna aliyeuliza ni ya nani.
Mzee Lukindo, mtu wa majaribio ya wafungwa,
mwanamume asiyejua kucheka wala kupoa,
akaitazama, akaizungusha kidole,
akasema: Mimi yangu ni kijiko.
Kipo kabatini mwaka wa kumi na moja.
Mke wangu anadhani nimekiiba hotelini.

Tulicheka mpaka mama lishe akaja na kitambaa,
akidhani chai imemwagika.

Leo ni siku ya mwisho, fomu iko mbele yangu.
Mstari wa kwanza: *Ameweza. Anasikiliza kabla ya kuandika.*
Wa pili: *Mwambieni mapema kwamba kuna Ijumaa.*
Wa tatu niliutazama muda mrefu,
feni ikazunguka mara mbili, ikasita.
*Naombeni kiti,* nikaandika.
Nikagonga muhuri mara tatu,
wino ulikuwa unaisha.